Kimya cha Mtu Aliye Ugenini



Mwezi huu twataka kulitazama swali moja ambalo wengi hulidhania kuwa ni kazi ya makarani tu, wala halina neno na dhamiri ya mtu. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyeondoka kwao akakaa katika nchi ya mbali, akapata mtoto huko, au akaoa, au akafiwa, je, imempasa kuzipeleka habari hizo kwao ili ziandikwe katika madaftari ya nchi yake? Tena, asipozipeleka, wala hakusema uongo hata neno moja, bali amenyamaza tu, je, ana hatia?

Watu wawili wenye akili huweza kulijibu swali hili kwa njia mbili zilizo mbalimbali. Wa kwanza atasema: Mungu anajua, nami ninajua, na mke wangu anajua, karatasi ya serikali yaongeza nini? Wa pili atasema: Sheria ni sheria, asiyeitii amekosa, na maneno yamekwisha. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamepita upesi mno. Basi na tulifikiri polepole.

Hapa Kolo neno la kuondoka si geni. Barabara itokayo Dodoma na Kondoa kwenda Babati na Arusha yapita kwetu, nayo tangu zamani imewachukua vijana wa Irangi kwenda kutafuta kazi, wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine katika mashamba makubwa ya kaskazini. Mwaka 1979, kwa ajili ya mmomonyoko wa ardhi, mifugo yote iliamriwa iondolewe katika sehemu ya Kondoa iliyoharibika, kwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma iliyoanza mwaka 1973; wenye ng'ombe wengi wakaondoka pamoja na ng'ombe wao, na wengine hawakurudi. Siku hizi safari zimekuwa ndefu zaidi. Mabinti wa Tanzania huvuka bahari kwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Vijana huenda Afrika ya Kusini kutafuta riziki. Wengine walikwenda Ulaya na Marekani kwa masomo, wakakaa. Kwa simu sauti zao zasikika kila Jumapili, hata twadhani ya kuwa hawako mbali. Lakini sauti hupita kama upepo. Aliyeisikia akifa, hakuna aliyebaki wa kushuhudia.

1. Daftari ni kwa ajili ya nani

Mtu aliyezaliwa kijijini, akakaa kijijini mpaka kufa kwake, hana haja kubwa ya karatasi. Wanawake wa mtaa walimwona mama yake alipokuwa mja mzito, mkunga anamjua, siku ya arusi yake watu walikula na kucheza, na siku ya kufa kwake majirani ndio waliolichimba kaburi. Kijiji kizima ni daftari lake. Ndiyo sababu wazee wetu walikaa vizazi vingi pasipo madaftari, wala hawakupotea.

Walakini mtu huyo akiondoka, mashahidi wake wote hubaki nyuma. Huko aendako hakuna aliyemwona akizaliwa, wala ajuaye kwamba ana mke au hana. Na mambo yatakayompata huko, watu wa kwao hawatayaona. Hapo ndipo karatasi inapopata kazi yake, kushuhudia mahali ambapo mashahidi hawapo. Watu husema ya kuwa aliye mbali amesamehewa mambo ya karatasi kwa sababu ya umbali. Kweli ni kinyume cha hayo: umbali ndio ulioileta haja ya karatasi.

Juu ya majabali yetu kuna picha za watu na wanyama zilizochorwa zamani sana, ambazo mwaka 2006 ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huja kutoka nchi nyingi kuzitazama. Lakini hakuna ajuaye jina la hata mmoja wa wale waliochora, wala la wale waliochorwa. Picha zimebaki, ukoo haujulikani. Nasi leo twabeba katika simu zetu picha za wajukuu waliozaliwa Maskati na Johannesburg, tukadhani ya kuwa tumekwisha kuwahifadhi. Picha pasipo jina, na jina pasipo ushuhuda, havitamsaidia mtoto huyo siku atakapoulizwa, Wewe ni wa nani?

2. Mambo ya kale

Tusidhani ya kuwa jambo hili limeletwa na serikali za siku hizi. Raia wa Rumi waliokaa mbali na Rumi walipewa na sheria siku 30 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa; na huko Misri vimeonekana vibao vya mbao vilivyopakwa nta, ambavyo ni vyeti vya namna hiyo. Mtume Paulo alizaliwa Tarso, mbali sana na mji wa Rumi, naye alikuwa raia wa Rumi kwa kuzaliwa. Katika sura ya 22 ya Matendo twasoma jinsi neno hilo lilivyomponya na mapigo, alipokwisha kufungwa kamba. Uraia huo aliupata kwa baba yake. Baba aliye ugenini akilinda haki ya mtoto, hajui ni siku gani, wala ni mbele ya nani, mtoto ataihitaji.

Kinyume cha hayo kimeandikwa katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra. Baada ya Koreshi kuwapa ruhusa, mwaka 538 kabla ya Kristo, Wayahudi walianza kurudi kutoka Babeli. Miongoni mwao walikuwapo watu wasioweza kuonyesha ukoo wa baba zao. Walikuwapo hata makuhani, wana wa Habaya na wana wa Hakosi na wana wa Barzilai, waliotafuta majina yao katika orodha wasiyaone. Wakaondolewa katika ukuhani mpaka neno lao litakapoamuliwa. Angalieni, hawakuambiwa ya kuwa ni waongo. Yamkini walikuwa makuhani wa kweli. Lakini hapakuwa na mtu awezaye kulithibitisha neno lao, nao wakasimama nje ya nyumba ya baba zao. Mzigo huo uliwaangukia wana, ambao hawakuwa na neno katika kuandikwa wala kutoandikwa kwao. Ndivyo ilivyo mpaka leo: anayenyamaza huwa mmoja, na anayelipa huwa mwingine.

Na kama wataka mfano ulio karibu nasi, kumbukeni vita ya mwaka 1914 hata 1918. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kondoa Irangi, na mwezi wa Mei wakapigana hapo na Wadachi. Pande zote mbili zilichukuliwa mizigo yao na Waafrika, waliotolewa makwao kwa makumi ya maelfu. Wengi mno walikufa njiani kwa njaa na kuhara na homa, mbali na mama zao. Majina ya wengi wao hayakuandikwa makaburini, na ya wengine hayakuandikwa popote. Mishahara ya wengi ilibaki pasipo kudaiwa, kwa kuwa warithi hawakujulikana. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina majina yao. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri mbele ya watu ya kuwa watu wasiopungua 116,000, nao wengi wao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Baada ya miaka mia moja waliomba radhi. Walakini majina hayakurudi. Mama aliyengoja katika vilima hivi hakuambiwa, Mwanao amekufa, wala hakuambiwa, Yu hai. Alikaa katikati, hata akafa yeye mwenyewe.

Jambo hili tulishike sana, kwa maana ndilo litakalotuonyesha ubaya wa kimya. Ubaya wake si kwamba kitabu cha karani kina nafasi tupu. Ubaya ni kwamba mtu aliye hai amewekwa katikati, hawezi kulia wala hawezi kufurahi.

3. Je, kunyamaza ni kusema uongo?

Sasa twaja kwenye kiini cha neno letu. Si kila kimya ni uongo. Mtu aweza kunyamaza juu ya ugonjwa wake, au umaskini wake, au madeni yake, asiwatie nduguze hofu, wala hatumhukumu. Mambo hayo ni yake. Nani ametuweka kuwa wapelelezi wa siri za watu?

Lakini kuna kimya cha namna nyingine. Tuseme kijana amefunga ndoa hapa nyumbani, mbele ya mchungaji na mashahidi, na jina lake limeandikwa pamoja na jina la mkewe. Neno alilolitia sahihi siku ile halikuisha siku ile. Daftari lasema kila siku, mchana na usiku, kwa jina lake: Mimi ni mume wa mwanamke huyu. Mke ameliegemea neno hilo. Kwa ajili yake amebaki nyumbani, amewakataa wengine, amelima shamba, amewatunza wakwe. Sasa kijana yule yuko ugenini, naye amechukua mke mwingine huko. Hakuandika barua ya uongo. Alipoulizwa kwa simu, Hujambo? alijibu, Sijambo, na ni kweli. Je, hakusema uongo?

Sisi twasema ya kuwa amesema, tena anasema kila siku. Neno lake la kwanza lingali limesimama, lina sahihi yake, na watu wameliegemea. Naye amekwisha kuliondolea kweli yake ndani, akaliacha limesimama nje kama ukuta ulioliwa na mchwa. Mwenye nyumba aliyejua ya kuwa ukuta umeliwa, akamwona jirani anauegemea, akanyamaza, hawezi kusema, Mimi sikumwangusha. Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo. Daftari lililoachwa bila kusahihishwa laweza kuwa shahidi wa uongo, na aliyemweka shahidi huyo ni yule aliyenyamaza.

Basi hapa twapata kipimo. Kimya huwa uongo pale ambapo kuna neno langu la kwanza ambalo wengine wameliegemea, na neno hilo limekwisha kubadilika, nami najua. Tena kuna kipimo cha pili: je, jambo hili ni langu peke yangu? Ugonjwa wangu waweza kuwa wangu. Lakini kuzaliwa, kuoa na kufa si mambo ya mtu mmoja. Kuzaliwa kwa mtoto kwamfanya mtu kuwa baba, na mwingine bibi, na mwingine ndugu. Ndoa yawafanya watu wawili kuwa mume na mke, na jamaa mbili kuwa wakwe. Kufa kwamfanya mwanamke kuwa mjane, na watoto kuwa yatima na warithi. Anayezificha habari hizi ameficha mali ya watu wengine, yaani ameificha hali yao wenyewe.

Wahenga walisema, Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya hiki husikika siku ya matanga, ambapo wajane wawili hukutana kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza moja.

4. Ndoa, kuzaliwa na kufa

Ndoa. Kanisa latangaza ndoa kabla ya kuifunga, ili mwenye kizuizi aseme. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo yataka taarifa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na yaruhusu mtu kuleta pingamizi. Tena yamkataza mtu aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine. Tangazo hili lina nguvu kwa sababu moja tu, yaani hutangazwa mbele ya watu wamjuao. Ugenini tangazo ni la bure, kwa kuwa hakuna amjuaye. Ndiyo sababu nchi nyingi humtaka mgeni alete hati kutoka kwao ya kuonyesha ya kuwa hana kizuizi. Wengine huona jambo hili kuwa usumbufu na dharau. Sivyo. Hati ile ni sauti ya kijiji chako, iliyovuka bahari ili isimame penye arusi yako. Asiyeogopa kijiji chake kiseme, kwa nini aiogope?

Kuzaliwa. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 yasema ya kuwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi ni Mtanzania kama baba yake au mama yake ni Mtanzania, ila kama mzazi huyo naye ni raia kwa kurithi tu, yaani alizaliwa nje. Haki hii yamwangukia mtoto kwa kuzaliwa kwake. Walakini haki isiyo na ushuhuda ni kama shamba lisilo na mipaka, kila jirani aweza kulimega. Nyumbani kwetu nako twajua shida hii. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionekana ya kuwa Tanzania Bara watu kama 13 tu katika kila 100 walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Ikiwa ni hivyo kwa waliozaliwa karibu na mashahidi wao wote, je, yatakuwaje kwa aliyezaliwa mahali ambapo shahidi ni mama yake peke yake?

Kufa. Hapa aliyekufa hawezi kupeleka habari. Kazi ni ya rafiki zake. Pasipo hati ya kifo mjane hawezi kuolewa kwa amani, wala warithi hawawezi kudai mafao wala fedha zilizo benki. Mtu akizikwa ugenini, na rafiki zake wakaona ya kuwa kazi imekwisha walipofukia kaburi, wamefanya nusu. Nusu ya pili ni kuichukua hati ile na kuipeleka kwa ubalozi, na kwa ndugu zake. Maiti huzikwa mahali pamoja, lakini kufa kwake hutokea mahali pawili.

5. Maneno ya wanaokataa

Hatutatenda haki tukiwafanya wanaokataa kuwa wavivu wote. Wako wenye maneno mazito.

Wengine husema: Serikali za ugenini na za nyumbani zimeandika majina ya watu ili kuwakamata, si ili kuwasaidia. Neno hili lina kweli. Wadachi kwa sheria ya mwaka 1870 waliwapa mabalozi wao ruhusa ya kuandika ndoa na kuzaliwa na kufa kwa watu wao walio nchi za nje. Lakini hapa kwetu, kodi ya nyumba ilipoanza mwishoni mwa karne ile ya 19, Mwafrika aliandikwa kwa ajili ya kodi. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1920 ya kuandikisha kuzaliwa na kufa ililazimishwa kwa Wazungu na Waasia. Kwa Waafrika haikuwa lazima, kana kwamba kuzaliwa kwao na kufa kwao si habari. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliwaletea wanaume kipande, ambacho kila mmoja alikivaa shingoni. Katika Rwanda, Wabelgiji tangu miaka ya 1930 waliandika kabila katika vitambulisho, na mwaka 1994 watu waliuawa vizuizini kwa neno hilo moja lililoandikwa. Nasi Walutheri tusijisifu. Katika Ujerumani tangu mwaka 1933 watu walitakiwa kuthibitisha ya kuwa hawana damu ya Kiyahudi, na vitabu vya ubatizo vilivyokaa makanisani vilitumika kwa kazi hiyo. Vitabu vilivyowekwa kwa ajili ya kupokea watu vilitumika kwa kuwatenga.

Basi tuseme nini? Tuvichome vitabu? La. Kisu kilichoua kilikuwa kisu cha kukatia mkate. Lakini tumejifunza mambo mawili. La kwanza: daftari laweza kudai ukweli wa jambo lililotokea, yaani nani amezaliwa, kwa nani, siku gani, lakini linapoanza kuwapanga watu kwa damu na kabila, limeacha kazi yake, na Mkristo aliye karani ana ruhusa, tena ana wajibu, wa kuuliza, Jambo hili laandikwa kwa faida ya nani? La pili: wajibu wa kuandikisha hauwi wa upande mmoja. Anayedai niseme kweli, naye yampasa kuilinda kweli yangu. Serikali inayowatesa watu wake imeivunja nusu yake ya agano.

Kwa hiyo hatumwambii mkimbizi aende kwa balozi wa nchi aliyoikimbia. Kufanya hivyo ni kumrudisha mikononi mwa wamtesao. Nchi iliyompokea ndiyo inayopaswa kumwandika yeye na watoto wake. Tanzania imewahi kufanya hivyo kwa wingi: Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia, nao walikuwa watu kama 162,000. Kwao, nyumbani kulikuwa kule walikoandikwa pasipo hofu.

Na kuna neno zito kuliko yote. Binti amekwenda Ghuba kufanya kazi, naye amezaa pasipo ndoa, pengine kwa kutendwa jeuri na mwenye nyumba. Katika nchi nyingi za huko, kwa miaka mingi, mtoto hakupewa cheti mpaka kionekane cheti cha ndoa ya wazazi; na mama asiye na ndoa aliweza kutiwa gerezani. Je, binti huyu tumwambie, Kimya chako ni uongo? Sisi hatuthubutu. Mtoto wake ana haki ya jina na ya nchi; mkataba wa mataifa juu ya haki za mtoto wa mwaka 1989 wasema ya kuwa yampasa kuandikwa mara tu azaliwapo. Lakini hatia ya kimya hapa haimwangukii mama. Yawaangukia waliofanya kweli iwe hatari kusemwa. Na kabla ya kunyoosha kidole upande wa bahari, tujiulize: Binti huyu akipiga simu hapa kwetu akasema, Nina mtoto, atasikia nini? Kama atasikia matusi, na sisi tumo katika hesabu ya waliomziba kinywa. Kanisa linalotaka watu waseme kweli, kwanza na liwe mahali ambapo kweli yaweza kusemwa.

Wengine husema: Ni ghali, na ubalozi uko mbali. Ni kweli kwa wengi, wala hatudai mtu auze chakula cha watoto ili apate muhuri. Wajibu hupimwa kwa uwezo. Lakini mara nyingi aliyesema hana nauli ya kwenda kwa balozi ameipata nauli ya kwenda mahali pengine. Kila mtu na aipime nafsi yake.

Wengine, mwisho, husema: Majina yetu yameandikwa mbinguni, yatosha. Tunafurahi kwa neno hilo. Walakini Mwokozi alizaliwa Bethlehemu kwa sababu Yusufu, mkazi wa Nazareti, alikwenda mji wa asili yake ili aandikwe, pamoja na Mariamu aliyekuwa mja mzito. Amri ilikuwa ya Kaisari, wala Kaisari hakuitoa kwa upendo. Hata hivyo Yusufu hakuona ya kuwa utumishi wa mbinguni wamwondolea safari ile.

6. Yatupasayo sasa

Ndugu walimu na wazee wa kanisa, mambo yafuatayo yamo katika uwezo wetu.

Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko vitunzwe vizuri, pasipo kuruka jina wala tarehe. Cheti cha ubatizo hupokewa kuwa ushahidi mtu akitaka kuandikishwa akiwa amechelewa. Mwalimu anayeandika tarehe kwa kukisia hajui ya kuwa miaka 30 baadaye mtu atasimama mbele ya dirisha la karani katika nchi ya mbali, na neno lake litaanguka kwa kosa lile.

Wazazi waambiwe ya kuwa mtoto na aandikishwe ndani ya siku 90, na kifo ndani ya siku 30. Kazi hii, pamoja na ya ndoa na talaka, iko mikononi mwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa mwaka 2006. Kijana asiondoke kwenda ugenini bila cheti chake. Akiondoka bila hicho, amejifunga kamba ambayo wanawe watakuja kujikwaa kwayo.

Tena, anayesafiri aambiwe mapema, kabla hajapanda gari: Ukipata mtoto, au ukioa, au mwenzako akifa, hati ya nchi ile ichukue, uitunze, uipeleke kwa ubalozi wetu, na nakala yake uilete nyumbani. Na sisi tulio nyumbani, tunapozungumza kwa simu, tusiulize fedha tu. Kuna vijana ambao kila wapigiwapo simu huulizwa, Umetuma nini? wala hawaulizwi, Umepata mtoto? Umeoa? Wako salama? Ikiwa tumewazoesha kuona ya kuwa twataka fedha yao kuliko habari zao, tusishangae wakituletea fedha na kutunyima habari.

Jambo hili si la Walutheri peke yao. Hapa Irangi jirani zetu wengi ni Waislamu, na wengine ni Wakatoliki; wana wao wamekwenda katika nchi zile zile, na mama zao wangoja vile vile. Mwalimu ajuaye kujaza fomu na amsaidie kila aombaye, asimwulize kwanza dini yake.

Wahenga walisema, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata asiyerudi kwa miguu yake, atarudi kwa habari yake, au kwa watoto wake watakaokuja kuuliza nyumba ya babu yao. Siku hiyo watakuta jina lao limeandikwa, au watakuta wamesimama nje kama wana wa Barzilai. Anayeweza kuchagua kati ya hayo mawili ni mtu aliye hai leo, aliye na kalamu. Basi kila mwenye ndugu ugenini na ampelekee neno mwezi huu huu, kwa upole, pasipo kumshitaki, amwulize: Katika daftari la kwenu, ni neno gani la kwako lisilo kweli tena?